Lifti ya Boti Isiyo na Bolti

Kinuthia wa Munyaka hapendi bolti. Si kwamba bolti ilimkosea utotoni au ilimwangukia kichwani, la. Hapendi tu, vile mtu mwingine hapendi kitunguu kibichi. Ukimwuliza atakueleza, na usipomwuliza atakueleza vilevile, kwamba chuma kilichofungwa kwa bolti ni chuma ambacho hakijaamua. Leo kiko hapa, kesho mtu anakuja na spana, keshokutwa hakipo. Lakini chuma kilichochomelewa, husema huku akijipiga kifua, hicho kimekula kiapo.

Ana miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo ameitumia akichomelea. Ukiona geti Munyaka, Kimumu au Kapsoya, mitaa ya hapa Eldoret, na katikati yake pana ua la chuma linalofanana na kabichi, basi hilo ni la Kinuthia. Yeye mwenyewe husema ni waridi, na hakuna mteja aliyewahi kumbishia usoni.

Nyumbani kwake ndiko utaona imani yake imefika wapi. Meza ya jikoni ilikuwa ikitikisika, akaichomelea kwenye chuma cha dirisha. Sasa haitikisiki, na pia dirisha halifunguki. Walipokuwa wangali wapangaji, aliunda kitanda kizuri sana cha chuma ndani ya chumba chenyewe, akakichomelea kila pembe, na siku ya kuhama kikakataa kupita mlangoni. Mwenye nyumba anakilalia hadi leo, na kila wakikutana sokoni humshukuru.

Sasa ona utani wa Mungu. Mke wa mtu huyu, Mwihaki, anauza bolti. Duka lake limepakana na karakana ya mumewe, katikati ukuta wa mabati tu, na ndani yake kuna bolti na nati za kila saizi, zimepangwa kwenye makopo ya mafuta ya kupikia kuanzia ya kidole cha mtoto hadi ya kufunga daraja. Kwa miaka ishirini na sita upande mmoja wa mabati umekuwa ukitoa cheche na upande wa pili ukihesabu nati, na wawili hawa wamelea watoto wanne, Njeri akiwa wa kwanza, bila kukubaliana hata siku moja kuhusu namna ya kushikanisha vyuma viwili.

Mwihaki si mchoyo wa maneno mazuri. Atasifu mahubiri, atasifu ng'ombe wa watu, atasifu chapati ya jirani hata ikiwa imeungua. Ila kazi ya mumewe, hapana. Kinuthia akimaliza geti humwita aje aone, naye Mwihaki hutoka akijifuta mikono, hulizunguka, hulitikisa kidogo, husema "Haya," kisha hurudi dukani. Haya! Geti la wiki mbili, na waridi lake!

Basi Kinuthia alikuwa na haja moja moyoni ambayo hakuwahi kumwambia mtu, maana mwanamume wa umri wake ataanzia wapi kusema jambo kama hilo? Alitaka, kabla mikono yake haijaanza kutetemeka, mkewe asimame mbele ya watu aseme neno moja zuri juu ya kazi yake. Neno moja tu. Na siku Mwalimu Zachariah alipoingia karakana akiulizia lifti ya boti, Kinuthia alihisi neno hilo liko njiani.

Mwalimu Zachariah Kimutai alifundisha jiografia miaka thelathini na minne. Alipostaafu alirudi shambani kwake, mbele ya Kapsoya, akawa mtu wa ngano na ng'ombe. Chini ya shamba kuna bwawa. Mwaka jana hoteli moja ya kando ya ziwa ilifungwa, vitu vyake vikapigwa mnada, na Mwalimu aliyekuwa amekwenda kutafuta viti vya sebule akarudi na boti. Mkewe, Mama Collins, aliuliza viti viko wapi. Mwalimu akamwambia boti ina viti sita ndani yake.

Boti hiyo ilimtesa. Akiiacha majini, mabata yanataga ndani. Akiivuta nchi kavu, ng'ombe wanailamba hadi rangi inatoka, na kuna ndama mmoja aliyeingia akalala akakataa kabisa kushuka. Collins, kijana wao aliyeko Amerika, akamtumia baba yake video ya dawa wanayotumia watu wa huko: nguzo nne zimesimama majini, kitanda cha chuma kimening'inia katikati kwa waya, na winchi ya mkono. Unazungusha, boti inapanda, inakaa juu kavu kabisa, mabata yanabaki kuitazama. Akamwandikia: ziko za kuchomelea na ziko za bolti, mzee uamue mwenyewe.

"Fundi," Mwalimu alisema, "nataka lifti ya boti."

Kinuthia alizima mashine, akainua kinyago cha uso. "Ya nini, Mwalimu?"

"Ya boti."

"Hapa Eldoret?"

"Kwani boti inaulizwa kitambulisho?"

Mwalimu alionyesha video mara tatu. Kisha akatoa chaki mfukoni, maana mfuko wake haukosi chaki hata wa suti ya kanisa, akasimama mbele ya geti la mtu lililokuwa bado halijapakwa rangi, akachora mstari katikati. Upande mmoja akaandika KUCHOMELEA, upande wa pili BOLTI.

"Faida na hasara," alisema. "Nani ataanza?"

Kinuthia aliinua mkono kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mtu mzima. Lakini masikio ya Mwihaki yalikuwa yamekwisha kupita mabati. Akatoka na kopo lake mkononi.

"Mwalimu, shikamoo. Hiyo ni kazi ya bolti. Maji ya bwawa si hayakai pahali pamoja? Kiangazi yanashuka, mvua ikikuja yanapanda. Hiyo miguu iwekewe chuma ingine ndani, itobolewe mashimo, ifungwe na bolti. Maji yakipanda unafungua, unavuta juu mashimo mbili tatu, unafunga. Yakishuka unarudisha. Na siku utataka kuihamisha, unaifungua unaipakia kwa pikapu."

Mwalimu aliandika haraka haraka, upande wa BOLTI ukajaa hadi kwenye waridi. Kinuthia aliona kazi ya maisha yake ikienda.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "bolti za geti lako la kule juu, la ng'ombe, ziko?"

Mwalimu akasimamisha chaki.

"Nauliza tu. Maana bolti hapa Eldoret ni kama ndizi iliyoachwa kwa meza. Wale watu wa vyuma vikuukuu wanazipenda sana. Unalala lifti iko, unaamka unapata nguzo zimelala na boti imefika Uganda."

Bolti za geti la Mwalimu ziliibwa siku ya Krismasi, familia ikiwa kanisani, na ng'ombe kumi na mmoja wakala mahindi ya jirani hadi jioni. Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma. Alifuta upande wa BOLTI kwa mkono wa koti.

"Tuchomelee," alisema.

"Haya," akasema Mwihaki, na kopo lake likarudi dukani.

Kinuthia alikwenda kupima mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimekolea. Bwawa lilikuwa limebaki kidimbwi cha tope katikati, na ng'ombe wamesimama ndani wakionekana kuaibika kwa niaba yake. Aliuliza maji hufika wapi mvua ikinyesha. Mwalimu akaanza kumweleza habari za mvua ya nyanda za juu, za upepo wa kutoka magharibi, za wastani wa milimita kwa mwaka, na somo likaendelea mpaka chai ikaja.

Mama Collins, aliyeleta hiyo chai, aliposikia swali alinyoosha kidole. "Yanafika kwa ule mti."

Mti wenyewe ulikuwa mbali, juu ya ukingo, hatua kama arobaini. Wanaume wawili waliutazama, wakatazamana, wakacheka kwa adabu.

"Mama Collins," Mwalimu alimwambia, "haya ni mambo ya mashine. Wachia sisi."

"Sawa," akasema Mama Collins, akakusanya vikombe.

Kinuthia akaandika kwenye kiganja chake: futi nane. Kwa nini nane? Kwa sababu nguzo za Kinuthia zote ni futi nane. Tangu aanze kazi, kila nguzo aliyosimamisha ilikuwa futi nane, kwa hesabu kwamba hapo hakuna mwizi anayeweza kuruka. Hakujiuliza kama maji yanaruka. Kwa kweli siku hiyo hakupima maji hata kidogo, alipima mwizi.

Wiki tatu alifanya kazi hiyo akiimba nyimbo za kanisa ndani ya kinyago. Nguzo nne, zote zikiwa na sahani pana za chuma miguuni ili zisizame kwenye tope. Mihimili juu, mihimili chini, kitanda cha boti katikati. Kila kiungo alikichomelea mara mbili, vingine mara tatu kwa furaha tu. Mwisho, kwa kuwa hoja ya wizi ndiyo iliyompa kazi, alichomelea cheni nene kwenye mhimili wa chini kabisa, ya kuizungushia boti na kufungwa kwa kufuli, ili mtu asije akaelea nayo.

Kila siku saa nne asubuhi Mwihaki alipitisha kikombe cha chai upande wa pili wa mabati, na maneno nyuma yake.

"Baba Njeri, kuna bolti nzuri zimeingia. Nimekuwekea kando."

"Ziache hapo kando."

Siku iliyofuata: "Toboa tu mashimo, basi. Usifunge kitu. Yakae tu, ikihitajika yako."

"Mama Njeri, shimo ndio mwanzo wa bolti. Mimi siwezi kuanza hiyo tabia na huu umri."

Mwisho wa mwezi wa tatu lifti ilipakiwa kwenye lori ikiwa nzima, kwa sababu ilikuwa haiwezi kuwa kitu kingine, ikashushwa bwawani katika maji ya kufika magotini. Ikafanya kazi! Kinuthia alizungusha winchi, boti ikapanda taratibu hadi chini ya mihimili ya juu, ikatulia. Mabata yalisimama kandokando yakitazama. Mwalimu alipiga picha kutoka pande zote nne, kisha kwa mkono wake akafunga cheni na kufuli, akatia ufunguo mfukoni penye chaki.

"Hii lazima tuiweke wakfu," alisema. "Tuite Pasta, tuite watu, tuweke tenti. Baada ya Pasaka."

Jioni hiyo Kinuthia alimwambia mkewe kwamba siku ya wakfu ni Jumamosi, na kwamba, kama hatajali, afunge duka aje. Mwihaki hajawahi kufunga duka Jumamosi. Alifikiri, akamwangalia mumewe aliyekuwa akijifanya anatafuta kijiko, akasema atakuja. Usiku kucha Kinuthia alitabasamu gizani.

Halafu ikanyesha. Mvua ya huku kwetu Uasin Gishu ikichelewa, siku ikifika hulipa yote pamoja. Wiki tatu ilinyesha, asubuhi kiasi na mchana bila huruma. Mwalimu alikuwa amekwenda Nairobi kwa binti yake na hakurudi hadi mkesha wa sherehe, barabara ya bwawani ikiwa tope la kufika kwenye goti. Kinuthia alikaa karakana akisikiliza mabati yakipigwa, akitunga hotuba fupi ya kushukuru. Bwawa halikumjia akilini hata kidogo. Mageti yake hayajawahi kusumbuliwa na mvua.

Jumamosi jua likatoka. Watu karibu mia moja walifika: majirani, waumini, walimu wastaafu, na wengine waliosikia tu kwamba kuna pilau. Mwihaki alivaa gauni lake la harusi za watu. Kinuthia alivaa suti. Pasta Muchiri alikuwa ameandika sala maalumu yenye kichwa "Uinuliwe Juu." Mwalimu alishika simu mbele, Collins akiwa kwenye video kutoka Amerika, na umati ukateremka nyuma yake kutoka kwenye tenti ukiimba, watu na viti vyao vya plastiki mikononi, mpaka ukafika bwawani.

Wimbo ulifia kwenye ubeti wa pili.

Palikuwa na maji. Maji mapana, mazuri, yametulia, yamefika kwenye ule mti na kuuzunguka. Mbali katikati vichwa vinne vya nguzo vilichungulia kiasi cha shubiri moja, na juu ya kila kimoja ametua ndege. Boti haikuwapo.

"Dad," simu ikasema, "geuza kamera. Naona maji peke yake."

"Nimegeuza," akasema Mwalimu.

"Imeibwa?" mtu akauliza nyuma.

"Haijaibwa," Mama Collins akajibu. "Iko huko chini. Ilianza kuingia wiki jana. Jumanne maji yalifika kwa kitanda, Jumatano kwa viti, Alhamisi ikaenda yote. Mimi nilidhani ndiyo kazi yake, inaificha wezi. Si mliniambia mambo ya mashine niwaachie?"

Hapo kila mtu akaelewa, na Kinuthia akaelewa kuliko wote. Boti ikiachwa yenyewe huelea. Hata mtoto wa chekechea anajua hivyo. Lakini hii ilikuwa imefungwa kwa cheni nene, cheni imechomelewa kwenye mhimili, mhimili kwenye nguzo, kila kiungo mara mbili na vingine mara tatu. Mashine ya kuitoa boti majini ilikuwa imeishika chini ya maji wiki nzima na haikuachilia hata kidogo, kwa sababu ilitengenezwa vizuri.

Pasta Muchiri aliikunja karatasi yake. "Mwalimu," akanong'ona, na kipaza sauti alichoshika kikamsikia, "sasa tuombee nini?"

Mwalimu alikuwa amegeukia watu kwa ile sura iliyowakimbiza wanafunzi miaka thelathini na minne. "Nani," akauliza polepole, "nani alisema tuchomelee?"

Kinuthia alifungua mdomo. Hotuba yake ya shukrani ilikuwa bado imo kinywani, ikamziba. Alihisi macho ya watu mia moja, na nusu yao wana mageti yake. Hakuthubutu kumtazama mkewe. Mtu amefunga duka Jumamosi kwa mara ya kwanza katika maisha yake, amevaa gauni, aje aone hivi!

Kati ya waliokuwa wameketi, kiti cha plastiki kikalia. Mwihaki alikuwa amesimama.

"Ni mimi," alisema.

Mwalimu akapepesa macho.

"Ni mimi nilimwambia achomelee. Yeye alitaka bolti, akanisumbua sana na hizo bolti zake. Mimi nikakataa. Kama kuna mtu wa kulaumiwa, ni mimi."

Mwalimu alijua huo ni uongo mtupu. Hoja za mama huyu alikuwa ameziandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa chaki, kwenye geti la mtu. Lakini alikuwa mwalimu wa zamani, na ameona mara nyingi mtoto mmoja akisimama kuchukua viboko vya mwenzake. Na alikumbuka pia nani aliyefuta upande wa BOLTI kwa koti lake. Akakohoa, akaurudisha mkono mfukoni penye chaki.

Kinuthia akawageukia watu. "Watu wangu, msimsikize! Huyu mama anadanganya. Alisema bolti. Alisema kila siku saa nne, na chai!"

"Sikusema."

"Ulisema! Ukasema hata nitoboe mashimo!"

"Baba Njeri, kaa chini. Kuchomelea ni kuzuri."

"Kuzuri wapi? Boti iko chini ya maji!"

"Iko chini kwa sababu imeshikwa vizuri!" Mwihaki sasa alikuwa amepandisha sauti, na kidole chake kimeelekezwa kwa umati. "Nani hapa geti lake limewahi kuanguka? Anyooshe mkono. Hakuna. Mnajua kwa nini hakuna? Eldoret yote hii, kutoka Munyaka mpaka Kimumu, hamna fundi anachomelea kama huyu mtu. Mimi nimekaa nyuma ya mabati miaka ishirini na sita nikisikiliza huo mkono. Hata akiwa mgonjwa, hata siku tulizika mama yake akarudi kazini na macho mekundu, mkono wake haukukosea mahali. Akishika chuma, chuma kinatulia."

"Wewe mama, nimesema wacha uongo!" Kinuthia akapiga kelele. "Mimi ni fundi wa kupima wezi! Sijui kitu! Bolti ndizo..."

Akakatika hapo hapo, mkono ukiwa hewani.

Miaka ishirini na sita alikuwa amelisubiri neno moja. Sasa yalikuwa yamemwagika hamsini, mbele ya watu mia, kipaza sauti kikiwa wazi na Amerika ikisikiliza, na yeye alikuwa ameshughulika kuyakana. Aliyapitia tena kichwani, upesi, asije akayasahau. Nyuma ya mabati. Huo mkono. Chuma kinatulia. Akakaa kwenye kiti ambacho hakikuwa chake, akatoa kitambaa, akajifuta uso kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

"Kwani nini kimetokea?" simu ikauliza. "Dad? Wanapigana?"

"Sijui vizuri," akasema Mwalimu. "Nadhani ni kinyume."

Jirani mmoja akaenda kuleta trekta. Kinuthia alikataa mtu mwingine asiingie majini. Alipanda juu ya tyubu ya gurudumu la trekta na suti yake, akasukumwa kwa mti mrefu wa kuangushia parachichi, akazunguka zunguka mara mbili asikotaka kwenda, mabata yakamfuata kwa hamu, hatimaye akaifikia nguzo ya karibu akafunga kamba. Trekta ikanguruma. Maji yakachemka. Na lifti ikaanza kuja, nzima, imesimama wima, ikiteleza kwa zile sahani zake kwenye tope, nguzo zote nne na mihimili yote na boti katikati imejaa maji hadi pomoni na samaki mmoja aliyeduwaa. Hakuna kiungo kilicholia. Hakuna kilichopinda. Ingekuwa ya bolti, trekta ingerudi na nguzo moja.

Watu walipiga makofi. Pasta Muchiri aliona nafasi yake, akafungua karatasi, akasoma "Uinuliwe Juu" mwanzo hadi mwisho bila kubadilisha neno. Kisha wakala pilau.

Jumatatu Kinuthia na Mwihaki walirudi bwawani wawili, na jenereta ya kuazima kwenye pikapu. Duka lilikuwa limefungwa tena. Kinuthia alikata miguu ya lifti kwa grenda, minne yote, kama mtu anayejinyoa ndevu alizozipenda. Ndani ya kila mguu akaingiza chuma kirefu chembamba zaidi, kilichotobolewa mashimo kumi na mawili. Bolti zilikuwa kwenye pikapu, zile zilizowekwa kando. Mwihaki alikuwa amezipaka grisi.

Kinuthia alichukua moja, akaipitisha kwenye shimo, akaweka nati, akaanza kukaza. Bolti ikazunguka pamoja na nati. Akakaza zaidi, ikazunguka zaidi. Akajaribu kuishika kichwa kwa mkono wa kushoto, lakini mguu wa lifti ulikuwa mpana na mkono haukufika. Alijaribu kwa goti. Alijaribu hata kwa kisigino. Mwihaki alikuwa ameketi kwenye ukingo wa boti, akimtazama kwa utulivu mkubwa.

Kuchomelea ni kazi ya mtu mmoja. Unashusha kinyago, unabaki wewe na moto wako, na hata mkeo akisimama pale humwoni. Kwa miaka thelathini Kinuthia hakuwa ameihitaji mikono ya mtu wa pili, na hakujua namna ya kuiomba. Alisimama na spana yake, akaitazama bolti, akatazama maji.

"Mama Njeri," alisema mwishowe. "Njoo unishikie huku nyuma."

Mwihaki alishuka, akazunguka nguzo, akatia spana ya pili kwenye kichwa cha bolti. Walikuwa uso kwa uso, chuma kimoja tu katikati, na Kinuthia aliona kwamba nywele za pembeni zimekuwa nyeupe, hakujua tangu lini.

"Shika kabisa," akamwambia. "Usiachilie mpaka nikwambie."

"Baba Njeri," akasema Mwihaki, "mimi nimewahi kuachilia lini?"

Kinuthia aliinama, akakaza, na nati ikashika.